Mchekeshaji wa Riyadh na mipaka ya mzaha

Kwa karibu miaka 20, jua lilipotua na tende kuliwa, mamilioni ya watu nchini Saudi Arabia waliwasha televisheni kumtazama mtu mmoja akiwakejeli. Jina lake ni Nasser Al Qasabi. Maisha yake ya uigizaji ni sehemu ya historia ya nchi hiyo: nani aliruhusiwa kucheka, alimcheka nani, na kwa idhini ya nani.

Anayetaka kuielewa historia hiyo hana budi kuanzia al-Dirah, mtaa wa kale ulio katikati ya mji wa Riyadh.

Hapo ndipo ilipo ngome ya udongo ya Masmak, iliyojengwa mnamo mwaka 1865, ambayo Abdulaziz Ibn Saud aliiteka Januari mwaka 1902, na kutoka hapo akaanza safari ya kuunda ufalme. Hapo pia upo msikiti wa Imam Turki bin Abdullah, kasri ya utawala wa mkoa, na soko la al-Zal linalouza mazulia, udi na majoho. Na hapo upo uwanja ambao kwa miaka mingi ulijulikana kwa jambo jingine: ndipo waliohukumiwa kifo walipokatwa vichwa hadharani.

Msikiti, kasri na uwanja wa adhabu vyote vimepakana, kiasi cha kutembea kwa dakika chache. Mchekeshaji yeyote aliyezaliwa Riyadh alijua tangu utotoni kwamba mambo hayo matatu hayafanyiwi mzaha hivi hivi.

DAMU KWA AJILI YA TELEVISHENI

Kabla ya kumfikia Al Qasabi, ni vyema kukumbuka jinsi televisheni yenyewe ilivyoingia nchini humo.

Wafanyakazi wa kampuni ya mafuta ya Aramco, huko Dhahran mashariki mwa nchi, walikuwa na kituo chao cha televisheni tangu mwaka 1957. Lakini televisheni ya taifa ilianza Julai mwaka 1965, katika miji miwili kwa pamoja, Riyadh na Jidda. Ulikuwa uamuzi wa Mfalme Faisal, aliyeona kwamba nchi haiwezi kuendelea huku ikijifungia mlango. Kwa kulinganisha, Zanzibar ilipata televisheni yake mwaka 1973, na Tanzania Bara ikasubiri hadi mwaka 1994.

Jidda, mji wa bandari uliozoea kupokea mahujaji na wafanyabiashara kutoka kila pembe, ulikipokea chombo hicho bila ghasia kubwa. Riyadh haikuwa hivyo. Kwa wahafidhina wa Najd, picha ya kiumbe hai ilikuwa haramu, na sanduku linaloingiza picha hizo ndani ya nyumba lilikuwa mlango wa fitina.

Mwaka huo huo wa 1965, Khalid bin Musaid, kijana wa ukoo wa kifalme na mtoto wa ndugu yake Mfalme Faisal, aliongoza kundi la watu kukishambulia kituo cha televisheni mjini Riyadh. Maafisa wa usalama walimwandama na akauawa kwa risasi.

Kisa hakikuishia hapo. Tarehe 25 Machi mwaka 1975, mdogo wake Khalid, Faisal bin Musaid, alimpiga risasi na kumuua Mfalme Faisal alipokuwa akipokea wageni. Wengi waliamini kwamba alikuwa akilipiza kisasi cha kaka yake. Juni mwaka huo, Faisal bin Musaid alikatwa kichwa mbele ya umati, katika uwanja wa al-Dirah.

Kwa hiyo televisheni ya Saudi Arabia ni chombo kilichoanza kwa damu. Anayepanda jukwaa lake kufanya utani anasimama mahali ambapo watu wamekwisha kufa.

VICHEKESHO VYA MWANZO

Hata hivyo, watu walicheka tangu mwanzo.

Redioni, Abdulaziz al-Hazza wa Riyadh alijipatia sifa kwa kuigiza peke yake sauti za watu kadhaa, wake kwa waume, katika visa vya bibi mmoja aliyeitwa Umm Hudayjan. Kutoka upande wa Hijazi, Lutfi Zaini na Hasan Dardir wakawa jozi maarufu ya televisheni, Tuhfa na Mishqas, wakitumia lafudhi ya mitaa ya Jidda na Makka.

Vichekesho hivyo vilikuwa vya kaya na mtaa: mume bahili, jirani mdadisi, mtu wa shamba aliyepotea mjini. Msikilizaji wa Afrika Mashariki atavikumbuka vya kwao vilivyofanana navyo, kama Vitimbi na Vioja Mahakamani vya Kenya, ambavyo navyo vilitoka katika kituo cha serikali.

Kisha ukaja mwaka 1979. Tarehe 20 Novemba, Juhayman al-Otaybi na wafuasi wake waliuteka Msikiti Mkuu wa Makka, wakaushikilia kwa wiki mbili kabla ya kushindwa. Serikali iliwaadhibu wahusika kwa kifo, lakini mengi ambayo wahafidhina walikuwa wakiyadai ikayatekeleza. Sauti za waimbaji wa kike zikatoweka katika televisheni. Kumbi za sinema zikafungwa. Polisi wa kidini, wale wa Kamati ya Kuamrisha Mema na Kukataza Maovu, wakapewa nguvu mitaani.

Kijana Nasser Al Qasabi, aliyezaliwa Riyadh tarehe 28 Novemba mwaka 1961, alikuwa ndiyo kwanza anaingia utu uzima.

MWANAFUNZI WA KILIMO

Al Qasabi alisomea kilimo katika Chuo Kikuu cha Mfalme Saud mjini Riyadh. Hapakuwa na chuo cha uigizaji, na mzazi mwenye akili zake timamu hakumtuma mwanawe mjini akawe mchekeshaji.

Lakini chuo hicho kilikuwa na kitu adimu, nacho ni jukwaa la tamthilia la wanafunzi. Hapo Al Qasabi alikutana na Abdullah al-Sadhan, aliyemzidi umri kwa miaka michache. Walikuwa kinyume cha kila mmoja kwa sura na mwendo, na ndiyo siri ya jozi nyingi za vichekesho duniani. Mmoja akikunja uso, mwingine anautanua.

Tamthilia hizo zilikuwa za wanaume watupu. Wanawake hawakupanda jukwaani, na wala hawakuketi ukumbini. Kwa miaka mingi, uhusika wa kike nchini humo uliigizwa na wanaume waliojifunga buibui, au na waigizaji wanawake waliotoka nchi jirani.

TASH MA TASH

Mwaka 1993, katika mwezi wa Ramadhani, Al Qasabi na al-Sadhan walianzisha katika Idhaa ya Kwanza ya televisheni ya taifa kipindi kilichoitwa Tash Ma Tash. Inaelezwa kwamba jina hilo linatokana na mchezo wa watoto wa kubahatisha iwapo chupa ya soda iliyotikiswa itafurika povu au la. Kwa lugha nyepesi ni kama kusema: ama itamwagika, ama haimwagiki.

Misimu ya mwanzo iliongozwa na Amer al-Hamoud, na baadaye usukani ukashikwa na Abdulkhaleq al-Ghanim. Kila usiku ulikuwa na hadithi yake, wahusika wake na mkasa wake. Wakati uliochaguliwa ulikuwa muafaka kupita wote: mara baada ya futari, familia nzima ikiwa imeketi mkekani, babu na mjukuu, wanaume na wanawake.

Kipindi kiligusa mambo ambayo watu waliyasema kwa kunong'ona. Afisa wa serikali asiyepatikana ofisini. Kazi zinazotolewa kwa kujuana. Mwalimu anayewatisha watoto kwa moto wa jehanamu. Mwajiri anayemnyanyasa mfanyakazi wa kigeni, na ujanja wa wafanyakazi hao kujinasua. Ukabila katika ndoa. Lafudhi za mikoa nazo zilichezewa, na wapo wenyeji wa mikoa hiyo waliolalamika kwamba Riyadh inajicheka kidogo na kuwacheka wengine sana.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, kipindi kilithubutu kuzungumzia sheria ya maharimu, yaani ulazima wa mwanamke kuwa na ndugu wa kiume wa kumsimamia. Watazamaji walioneshwa wanawake ambao wanaume wao wamesafiri, na jinsi shughuli ndogo kabisa ya maisha inavyogeuka mlima. Hapakuwa na hotuba, ila milango iliyofungwa, mmoja baada ya mwingine, na watazamaji wakicheka kwa uchungu kwa sababu walikuwa wakiijua milango hiyo.

FATUWA NA VITISHO

Mwaka 2000, Kamati ya Kudumu ya Utafiti wa Kielimu na Fatuwa, chombo cha juu cha maulamaa wa nchi hiyo, ilitoa fatuwa dhidi ya Tash Ma Tash. Ilieleza kwamba ni haramu kukitengeneza na kukitazama, kwa kuwa kinawafanyia istihizai watu wa dini.

Kwa wasanii hao wawili, fatuwa hiyo haikuwa karatasi tu. Katika nchi ambayo sheria ni ya kidini, neno la maulamaa lina uzito wa hukumu. Walipokea vitisho vya kuuawa. Mimbarini walitajwa kwa majina. Na bado, Ramadhani iliyofuata, kipindi kilikuwa hewani, na mitaa ilikuwa mitupu kwa saa hiyo kama kawaida.

Baada ya Septemba 11 mwaka 2001, ambapo 15 kati ya watekaji nyara 19 walikuwa raia wa Saudi Arabia, na baada ya al-Qaeda kuanza mashambulizi ndani ya Riyadh kwenyewe Mei mwaka 2003, mzaha ulipata kazi mpya. Mwaka 2006 Tash Ma Tash ilionesha "chuo cha ugaidi", kwa kuigiza shindano maarufu la Kiarabu la waimbaji chipukizi. Badala ya vijana kushindana kuimba, walishindana kujilipua. Kichekesho hicho kilikuwa kikali, na ujumbe wake ulikuwa wazi kwa kila mzazi: kuna mtu anayemfundisha mwanao, na si wewe.

Wakati huo kipindi kilikuwa kimekwisha kuhamia MBC, kituo cha setilaiti kilichoanzishwa London mwaka 1991 na wafanyabiashara wa Kisaudia na kuhamia Dubai mwaka 2002. Al Qasabi naye akawa akiishi Dubai, pamoja na mkewe, mwandishi wa riwaya na makala Badriya al-Bishr. Mwaka 2011 Bi al-Bishr alikuwa mwanamke wa kwanza kupata tuzo ya makala bora ya gazeti katika Tuzo za Uandishi wa Habari za nchi za Kiarabu. Yeye pia ameandamwa kwa vitisho kutokana na maandishi yake.

Mwaka 2010 kipindi kilizusha tufani nyingine, kwa hadithi ya mwanamke mwenye waume wanne, iliyogeuza juu chini hoja ya wake wengi. Mwaka uliofuata, baada ya misimu 18, Tash Ma Tash ilisimama.

KINGA YA KASRI

Hapa panazuka swali ambalo mwanahistoria hawezi kulikwepa. Kipindi kilichoharamishwa na chombo cha juu cha fatuwa kiliwezaje kuendelea katika televisheni ya serikali hiyo hiyo?

Jibu liko upande wa pili wa uwanja wa al-Dirah, katika kasri. Abdullah bin Abdulaziz, kwanza akiwa mrithi wa ufalme na baadaye mfalme kuanzia mwaka 2005, alijulikana kuwakingia kifua wasanii hao. Kejeli dhidi ya wahubiri wakali na maafisa wazembe ilimsaidia mtawala aliyetaka mageuzi ya polepole bila kuyatamka mwenyewe. Mchekeshaji alisema, mfalme akanyamaza, na ukimya wa mfalme ukawa ruhusa.

Lakini ruhusa hiyo ilikuwa na ukingo. Waziri angeweza kuchekwa bila kutajwa jina, na karani angechekwa kila siku. Mutawa alichekwa kwa hadhari. Ukoo wa kifalme haukuguswa kamwe, si kwa jina, si kwa fumbo, si kwa kivuli.

Afrika Mashariki ina mfano unaosaidia kuelewa tofauti hiyo. Nchini Kenya, wakati wa utawala wa Daniel arap Moi, vichekesho vya kituo cha taifa navyo viliishia kwa chifu na hakimu. Lakini kuelekea mwisho wa utawala huo, vijana watatu wa kundi la Redykyulass walimwigiza Moi mwenyewe katika televisheni binafsi, sauti yake na mwendo wake, naye angali Ikulu. Mwaka 2009 mchoraji vibonzo Gado, mzaliwa wa Tanzania, akaleta vikaragosi vya XYZ Show vilivyowafananisha viongozi wa Kenya sura kwa sura. Nairobi ilivuka ukingo ambao Riyadh haijawahi kuuvuka.

Je, hiyo inamfanya Al Qasabi kuwa mwoga? Si haki kusema hivyo. Moi hakuwa na uwanja wa kukatia vichwa. Aidha, kwa Msaudia wa kawaida wa miaka ya 1990, aliyemsimamisha barabarani kumwuliza kuhusu mke wake na nywele zake hakuwa mfalme, bali mutawa. Al Qasabi alimcheka mwenye nguvu aliyekuwa karibu na mlango wa mtazamaji.

YAI LA SHETANI

Ushujaa wake ulipimwa mwaka 2015.

Mwezi Mei mwaka huo, kundi la Islamic State lilishambulia msikiti wa Washia katika kijiji cha Qudaih, mashariki mwa nchi, na kuua zaidi ya watu 20. Wiki moja baadaye likashambulia tena, mjini Dammam. Vijana wengi wa Kisaudia walikuwa wamekwenda Syria na Iraq kupigana, na wazazi wao hawakujua kama wawalilie au wawafiche.

Ramadhani ilipoingia mwezi Juni, MBC ilianza kuonesha kipindi kipya cha Al Qasabi, kilichoitwa Selfie, kilichoandikwa na Khalaf al-Harbi. Katika usiku wa mwanzo mwanzo ilikuja hadithi ya sehemu mbili iitwayo Yai la Shetani. Baba anafunga safari kwenda Syria kumtafuta mwanawe aliyejiunga na kundi hilo. Ili amfikie, anajifanya naye amekuja kupigana. Anagunduliwa. Na anayepewa kazi ya kumchinja ni mwanawe.

Kuna vichekesho vingi njiani, hasa jinsi baba huyo mwoga anavyohangaika kuonekana jasiri. Lakini mwisho wake hauna kicheko hata kimoja. Al Qasabi, ambaye watu walizoea kumwona akitumbua macho, alikuwa amepiga magoti akimtazama mtoto wake.

Wafuasi wa kundi hilo walimtishia kumkata kichwa. Wahubiri kadhaa wa ndani, ambao hawakuwa wafuasi wa Islamic State, nao walimshutumu, na mmoja alifikia kumwita kafiri. Al Qasabi alijibu kwamba Mungu ndiye mlinzi, na kwamba kuwaonya watu kuhusu kundi hilo ndiyo jihadi ya kweli. Akaendelea na misimu mingine miwili.

RIYADH YA ZAMANI

Kisha nchi ikageuka chini ya miguu yake.

Aprili mwaka 2016, polisi wa kidini walinyang'anywa madaraka ya kukamata watu. Mwezi uliofuata iliundwa Mamlaka Kuu ya Burudani. Aprili mwaka 2018 ukumbi wa kwanza wa sinema ulifunguliwa Riyadh baada ya zaidi ya miaka 35, na Juni mwaka huo wanawake wakaanza kuendesha magari kihalali. Aliyekuwa akisukuma mageuzi hayo ni Mwanamfalme Mohammed bin Salman, aliyeteuliwa mrithi wa ufalme Juni mwaka 2017.

Katikati ya mabadiliko hayo, Ramadhani ya mwaka 2018, Al Qasabi alitoka na tamthilia ya mfululizo iitwayo al-Asouf. Safari hii hakuwa akichekesha. Mswada uliandikwa na Abdulrahman al-Wabli, aliyefariki kabla kazi hiyo haijaoneshwa. Uliwarudisha watazamaji katika Riyadh ya miaka ya 1970: nyumba za udongo, mitaa myembamba, majirani wanaoingiliana, wanawake wanaotembea bila kujifunika nyuso. Msimu wa pili, mwaka 2019, ulionesha kutekwa kwa Msikiti Mkuu wa Makka.

Wazee wengi walilia kwa kukumbuka. Wengine walikasirika, wakisema Riyadh ya wacha Mungu imepakwa matope, hasa kwa visa vya uzinzi na cha mtoto mchanga aliyetupwa msikitini.

Lakini mjadala mzito ulikuwa wa kihistoria. Mrithi wa ufalme alikuwa akieleza, katika mahojiano na vyombo vya habari vya nje, kwamba Saudi Arabia ilikuwa nchi ya kawaida na yenye uvumilivu hadi mwaka 1979, na kwamba siasa kali zilikuja baadaye. Al-Asouf iliipa hoja hiyo sura, mavazi na machozi.

Hoja hiyo ina ukweli ndani yake, ila si ukweli wote. Mwaka 1963, miaka 16 kabla ya Juhayman, wakazi wa Buraydah walipinga kufunguliwa kwa shule ya wasichana. Mwaka 1965 mwanamfalme aliuawa kwa sababu ya televisheni. Ukali haukuzaliwa mwaka 1979. Ulikuwapo, na mara nyingi kasri lilitembea nao bega kwa bega, kwa kuwa mapatano kati ya watawala na maulamaa ndiyo yaliyoijenga dola. Kulaumu mwaka mmoja ni njia rahisi ya kuwasamehe waliotawala miaka yote.

Mchekeshaji aliyekuwa akiuliza maswali sasa alikuwa akisimulia jibu, na lilikuwa jibu ambalo serikali ililipenda.

MZAHA WENYE KIBALI

Huenda hakukuwa na njia nyingine. Novemba mwaka 2017, mwenye MBC, Waleed al-Ibrahim, alikuwa miongoni mwa matajiri na wanawafalme waliozuiliwa katika hoteli ya Ritz-Carlton mjini Riyadh. Aliachiwa Januari mwaka 2018. Baadaye kituo hicho kilihamishia makao yake makuu Riyadh.

Miezi miwili kabla ya hapo, Septemba 2017, walikamatwa maulamaa, waandishi na wasomi kadhaa, akiwemo mhubiri mashuhuri Salman al-Awda. Mwaka 2018 wakafuatia wanawake waliokuwa wakidai haki ya kuendesha magari, haki ambayo serikali hiyo hiyo ilikuwa inakaribia kuitoa. Tarehe 2 Oktoba mwaka huo, mwandishi Jamal Khashoggi aliuawa ndani ya ubalozi mdogo wa Saudi Arabia mjini Istanbul.

Wachekeshaji wa kizazi kipya nao hawakusalimika. Kuanzia mwaka 2010, Fahad Albutairi na wenzake walikuwa wamepeleka mzaha katika intaneti, nje ya televisheni na nje ya Ramadhani, na vijana wakawafuata kwa mamilioni. Mwaka 2018 iliripotiwa kwamba Albutairi alikamatwa nchini Jordan na kurudishwa nyumbani. Sauti yake ikapotea mitandaoni.

Kwa hiyo maulamaa waliowahi kumharamisha Al Qasabi walinyamaza. Lakini hawakunyamazishwa kwa hoja, wala kwa kicheko. Walinyamazishwa kwa mkono uleule uliowanyamazisha wachekeshaji.

Mwaka 2020, Al Qasabi aliigiza katika Makhraj 7, tamthilia iliyopewa jina la njia ya kutokea katika barabara kuu ya Riyadh. Humo mhusika aliyechezwa na Rashid al-Shamrani alitamka kwamba Saudi Arabia haikufaidika kwa kuwaunga mkono Wapalestina. Ulimwengu wa Kiarabu ulichafuka. Waliomtetea walisema mhusika mwingine alimpinga, na kwamba kazi ya tamthilia ni kuonesha mawazo yaliyomo nyumbani mwa watu. Waliomlaumu waliuliza ni mawazo gani mengine yaliyomo nyumbani mwa watu ambayo hayaruhusiwi kuoneshwa.

Ramadhani ya mwaka 2023, Al Qasabi na al-Sadhan, waliokuwa wametengana kwa zaidi ya miaka kumi, walirudi pamoja katika msimu wa 19 wa Tash Ma Tash. Watazamaji waliwapokea kama ndugu waliotoka safari ndefu. Wengi walikiri, hata hivyo, kwamba kitu fulani kilikosekana. Chupa ilitikiswa, lakini povu halikuwa lile la zamani.

UWANJA WA AL-DIRAH

Kuanzia tarehe 26 Septemba hadi 9 Oktoba mwaka 2025, Riyadh iliandaa tamasha la vichekesho lililotajwa na waandaaji kuwa kubwa kupita yote duniani. Zaidi ya wachekeshaji 50 walialikwa, wakiwemo Wamarekani Dave Chappelle, Kevin Hart na Bill Burr. Mashirika ya haki za binadamu yalikumbusha kwamba tarehe 2 Oktoba, siku ya kumbukumbu ya kuuawa kwa Khashoggi, ilikuwa ndani ya tamasha hilo. Mchekeshaji mmoja aliyekataa mwaliko, Atsuko Okatsuka, aliweka hadharani masharti aliyotumiwa: pasiwe na mzaha unaougusa ufalme, ukoo wa kifalme wala dini.

Wageni wengi walishangaa kuyaona masharti hayo kwa maandishi. Nasser Al Qasabi hangeshangaa. Ameyajua maisha yake yote bila kuandikiwa, na ndani ya mipaka hiyo myembamba alifanya jambo ambalo wageni wale, kwa malipo makubwa, hawakulifanya. Aliwachekesha watu wake kuhusu wao wenyewe, wakati ambapo kufanya hivyo kungeweza kumgharimu shingo.

Pengine hilo ndilo la kumpimia. Mwaka 1993, kumcheka mutawa kulihitaji moyo. Leo hakuhitaji chochote. Ujasiri wa mchekeshaji hauonekani katika neno analolisema, bali katika mtu anayeweza kumdhuru kwa kulisema.

Siku hizi watalii hutembea al-Dirah wakipiga picha ngome ya Masmak na kununua udi katika soko la al-Zal. Familia huketi jioni katika uwanja ule, na watoto hucheza. Msikiti upo palepale, na kasri lipo palepale. Televisheni, ile iliyomwagiwa damu mwaka 1965, sasa imo mfukoni mwa kila mpita njia, na kicheko kinasikika mahali ambapo zamani hakikusikika.

Bado hajatokea wa kukielekeza upande wa kasri.